Mabomba ya gesi ya hoteli Malindi: namna ya kuyaweka sawa kabla mkaguzi hajafika

Maswali ni yale yale kila msimu wa wageni unapokaribia. Mitungi minne nyuma ya jiko nayo yahesabiwa kuwa mfumo wa mabomba? Cheti cha zimamoto cha kaunti hakitoshi? Mpishi aweza kubadilisha regyuleta, kile kifaa cha kushusha presha ya gesi, mwenyewe? Majibu kwa ufupi: ndiyo, inahesabiwa, hapana, hakitoshi, na hapana, asiiguse.

Mwongozo huu ni wa mwenye hoteli, mkahawa, nyumba ya wageni au fleti za kupangisha mwenye mitungi ya kilo 50 nje na bomba linaloingia ndani. Kwa mtungi mmoja wa kilo 6 au 13 uliofungwa moja kwa moja kwenye jiko, soma hatua ya 5 na ya 6 tu.

Kuhusu sheria, zinazokugusa ni chache. Kuna Sheria ya Petroli ya 2019 na kanuni zake za gesi ya kupikia za mwaka huo huo, zilizochukua nafasi ya zile za 2009, na msimamizi wake ni EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na petroli. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 pamoja na Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007, zilizo chini ya DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Kisha kuna kiwango cha Kenya KS 1938 kinachohusu kuhifadhi na kutumia gesi hii, ambacho fundi wako anapaswa kuwa nacho mkononi. Zimamoto ya Kaunti ya Kilifi nayo ina ukaguzi wake unaoambatana na leseni ya biashara. Hivi havibadilishani: cheti cha kaunti hakisemi lolote kuhusu viungo vya bomba lako.

Tangu mlipuko wa Embakasi usiku wa 1 Februari 2024, kwenye kituo cha kujazia gesi kisichokuwa na kibali, maswali ya wakaguzi yamekuwa makali zaidi, na ni haki yao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Fundi wa gesi mwenye sifa zinazotambuliwa, atakayekubali kutia sahihi kwenye karatasi ya jaribio. Akikataa kutia sahihi, mtafute mwingine.
- Mchoro wa mfumo: mitungi ilipo, njia ya bomba, kila koki na kila jiko. Wa mkono unatosha, mradi vipimo viwe vya kweli.
- Mpira wazi wa plastiki (unaoonyesha maji ndani) wa mita 2, ubao na rula, kwa jaribio la presha.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na brashi ya rangi.
- Mizani inayobeba kilo 150.
- Vizima moto viwili vya poda kavu, kilo 9 kila kimoja, pamoja na blanketi la moto la jikoni.
- Daftari gumu. Karatasi za kuning'inia jikoni huloa mafuta na kupotea.

Hatua ya 1: Jua unatumia gesi kiasi gani

Soma kibati nyuma ya kila jiko na jumlisha kilowati. Kilo moja ya gesi hutoa takriban kilowati-saa 12.8. Jiko la mkahawa lenye jumla ya kilowati 40, vichomeo vyote vikiwaka, linakula kama kilo 3 kwa saa. Kwa joto la Malindi mtungi wa kilo 50 hutoa karibu kilo 1 kwa saa mfululizo bila kupoa kupita kiasi. Basi hapo unahitaji mitungi mitatu ikitoa kwa pamoja, na mingine mitatu ya zamu ikingoja.

Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu regyuleta mwezi wa Desemba hoteli ikijaa. Mtungi mmoja ukilazimishwa kufanya kazi ya mitatu, gesi ya maji (gesi iliyo katika hali ya maji) iliyo ndani hupoa, presha hushuka, na mpishi huanza kuumwagia mtungi maji moto. Huo ndio mwanzo wa balaa.

Hatua ya 2: Mahali pa mitungi

Gesi hii ni nzito kuliko hewa: propani ni mara moja na nusu, butani ni mara mbili. Ikivuja haipandi juu. Inatambaa chini na kutafuta shimo, na ikifika takriban asilimia 2 ya hewa inaweza kuwaka. Malindi mashimo hayakosekani: mashimo ya choo, visima vya zamani, mifereji ya maji ya mvua, na lile shimo la pampu ya bwawa la kuogelea ambalo motori yake hujiwasha yenyewe.

Weka mitungi nje, wima, juu ya sakafu ya zege iliyoinuliwa, ndani ya kizimba cha wavu kinachopitisha hewa pande zote. Anzia na vipimo hivi, na mkaguzi akitaka zaidi, mpe zaidi: mita 1 au zaidi kutoka dirisha au mlango, mita 2 au zaidi kutoka mfereji au shimo lolote, mita 3 au zaidi kutoka cheche yoyote, yaani soketi, jenereta, jiko la makaa, compresa ya kiyoyozi au pikipiki zinapoegeshwa.

Makosa tunayoyaona sana:

- Kizimba kuzungushiwa ukuta wa mawe pande nne "kisionekane na wageni". Kikiwa hivyo ni sanduku la kukusanyia gesi. Ukitaka kuficha, tumia makuti upande mmoja tu, tena mbali na mitungi, kwani makuti nayo huwaka.
- Kutegemea upepo. Kusi ikivuma utaona pako safi. Ikigeuka kuwa kaskazi, au katikati ya misimu upepo ukilala, mambo ni mengine.
- Mitungi mitupu kuwekwa ndani ya stoo. Mtungi "mtupu" bado una gesi. Nao ukae kizimbani.

Mtungi uliojaa una uzito wa karibu mara mbili ya gesi iliyomo. Mnyororo wa kuuzuia usianguke si pambo.

Hatua ya 3: Bomba lenyewe

Kutoka mtungini gesi hupita kwenye mpira mfupi wa presha ya juu, inaingia bomba la kukusanyia, kisha regyuleta ya kwanza, halafu regyuleta ya pili karibu na jiko inayoishusha hadi takriban milibari 30. Kuna majiko makubwa yanayotaka presha tofauti. Kibati cha jiko ndicho mwamuzi.

Kagua haya, mita kwa mita:

- Viungo vya shaba nyekundu vilehemewe kwa waya wa fedha. Risasi ya bati inayotumiwa na mafundi wa maji huyeyuka kwa joto dogo, na moto mdogo wa jikoni unaweza kufungua kiungo na kuugeuza kuwa moto mkubwa.
- Viungo vya nyuzi vifungwe kwa tepu nene ya gesi, ile ya manjano, au kwa dawa maalumu ya gesi. Tepu nyeupe nyembamba ya maji na katani havifai.
- Klipu za kushikilia: bomba la milimita 15 lishikwe kila mita 1.5 likiwa limelala, kila mita 2 likiwa limesimama. Klipu za chuma juu ya shaba, kwa chumvi ya bahari yetu, huoza upesi kwa sababu metali mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Tumia za shaba au zenye ngozi ya plastiki.
- Sentimita 15 kutoka swichi na mita ya stima. Bomba la gesi lisitumiwe kama waya wa ardhi.
- Penye ukuta, bomba lipite ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi, kilichozibwa upande wa ndani na kuachwa wazi upande wa nje. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zina vitundu. Gesi ikivujia ndani ya ukuta yaweza kutokea chumba cha pili, na wewe unaendelea kutafuta harufu jikoni.
- Rangi ya manjano, na mishale ya kuonyesha gesi inakoelekea.

Nje ya jikoni, pahali mtu anayekimbia anaweza kufika, kuwe na koki ya dharura ya robo mzunguko yenye mkono mwekundu. Isiwe nyuma ya friji. Isiwe ndani ya kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake anao meneja, naye ameenda Mombasa. Bandiko lake liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka kwa hatua kumi: FUNGA GESI HAPA.

Hatua ya 4: Jaribio la presha

Tukikaa hapa zaidi usichoke, kwa sababu faili lisilo na jaribio la presha ni karatasi tupu, na hili ndilo linalokosekana mara nyingi.

Bomba jipya hujaribiwa na fundi kwanza kwa hewa au naitrojeni, majiko na regyuleta zikiwa zimefunguliwa na kuwekwa kando, kwa mara moja na nusu ya presha ambayo kipande hicho kitafanyia kazi. Oksijeni ya mtungi wa kulehemu isitumike kamwe: ikikutana na mafuta kidogo ndani ya bomba, huwaka kwa nguvu.

Jaribio la kila mwaka, upande wa presha ndogo, hufanyika hivi:

1. Pinda mpira wazi kama herufi U, ufunge kwenye ubao, tia maji hadi nusu. Tofauti ya kimo cha maji ya pande mbili ikiwa sentimita 30, hiyo ni karibu milibari 30.
2. Zima vichomeo vyote pamoja na taa zao ndogo za kuwashia. Funga koki iliyo baada ya regyuleta ya pili, washa kichomeo kimoja hadi gesi iliyobaki bombani iishe, kisha kizime.
3. Unganisha mpira kwenye tundu la majaribio lililo baada ya koki hiyo. Usithubutu kuuunganisha kabla ya regyuleta ya pili. Maji yatarushwa hadi dari na gesi itayafuata.
4. Fungua koki taratibu hadi maji yaonyeshe sentimita 10, ufunge. Ngoja dakika moja. Maji yakipanda yenyewe, koki inapitisha gesi hata ikiwa imefungwa, na jaribio lolote utakalofanya litakudanganya. Badilisha koki kwanza.
5. Fungua tena hadi sentimita 25 au 30, funga. Ngoja dakika 10 ili joto litulie.
6. Weka alama kwenye ubao. Ngoja dakika 10 nyingine. Maji yasishuke.

Fanya alfajiri, au baada ya Magharibi. Bomba lililofungwa likipata joto la digrii moja tu zaidi, maji hupanda kwa kama sentimita 3.5 pasipo gesi kuongezeka. Wingu likipita juu ya bomba lililo juani, yanashuka vivyo hivyo. Jaribio la saa saba mchana laweza kuficha uvujaji wa kweli, au kukufanya ubomoe ukuta mzima bure.

Maji yakishuka, paka povu la sabuni, kijiko kimoja kwa kikombe cha maji, kila kiungo kimoja baada ya kingine, gesi ikiwa imefunguliwa. Sabuni isiwe na amonia wala dawa ya kung'arisha, kwa kuwa amonia hupasua shaba ya manjano. Ukimaliza, osha kwa maji baridi. Na kiberiti? Hilo hatujibu tena.

Andika: tarehe, saa, kipimo cha mwanzo, kipimo cha mwisho, jina na sahihi. Picha ya ubao si lazima, ila mkaguzi huipenda.

Hatua ya 5: Mipira ya majiko

Mpira uwe wa gesi wenye tarehe na alama ya kiwango, si zaidi ya mita 1.5, na ubadilishwe miaka 5 ikifika hata kama unaonekana mzima. Karibu na tanuri la piza, ambalo Malindi ni kila kona, miaka 5 ni mingi mno: uukague kila mwezi kwa kuupinda, na ukiona nyufa ndogo utupe siku hiyo hiyo. Usipitishe mpira ukutani, usiunganishe vipande viwili, usifunge kwa waya. Klempu mbili za skrubu, moja kila upande.

Hatua ya 6: Kubadilisha mtungi

Hapa mpishi mkuu au msimamizi wa zamu anaruhusiwa, akiwa amefundishwa na jina lake limo daftarini.

1. Pima mtungi mpya unapofika. Uzito mtupu umepigwa chapa karibu na shingo. Ongeza kilo 50. Angalia lakiri na jina la kampuni. Kanuni za 2019 haziruhusu mtungi wa kampuni moja kujazwa na nyingine bila idhini ya mwenyewe, kwa hiyo risiti itaje muuzaji na kampuni. Mtungi wa bei ya kutupa usio na lakiri, urudi ulikotoka.
2. Hakikisha hapana moto ndani ya mita 3. Simu mfukoni, sigara mbali.
3. Funga valvu ya mtungi wa zamani, kisha koki yake kwenye bomba la kukusanyia.
4. Fungua nati kwa spana inayotosha. Nyingi za upande huu hufunguka kinyume na kawaida, na spana ya kubahatisha huzila pembe.
5. Angalia oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia kiungo. Ikiwa imebonyea au imepasuka, weka mpya.
6. Funga, fungua valvu pole pole, paka povu. Usipoona viputo, fungua koki.

Mtungi usilazwe "ili gesi iishe vizuri". Ukilala, gesi ya maji huingia regyuleta, nayo ikigeuka hewa huongezeka zaidi ya mara 200. Miali ya moto jikoni itafika darini.

Hatua ya 7: Watu

Sheria ya 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe. Wafanyakazi wakifika 20, kuwe na kamati ya usalama na afya. Mazoezi ya moto yafanywe angalau mara moja kila miezi 12. Kwa hoteli zetu zinazobadilisha nusu ya wafanyakazi kila msimu, mara moja haitoshi. Fanya mwanzo wa kila msimu.

Wafundishe kwa vitendo, kizimbani, si kwa hotuba. Kila mmoja, hata anayeosha vyombo, afunge koki nyekundu kwa mkono wake. Wakumbuke jambo moja lisilozoeleka: moto wa gesi inayotoka bombani usizimwe kwa poda kabla ya kufunga gesi. Moto ukizimika na gesi ikaendelea kutoka, wingu linajikusanya likingoja cheche.

Wakisikia harufu: hakuna kuwasha wala kuzima swichi, koki nyekundu ifungwe, milango ifunguliwe, watu watoke, simu ipigwe kutoka nje, 999 au 112. Mfanyakazi aliyeripoti hatari ya papo kwa papo haruhusiwi kurudishwa jikoni kabla haijaondolewa. Hiyo ni sheria, meneja asijitie hajui.

Ajali ikitokea, afisa wa DOSHS ajulishwe. Ikiwa ya kifo, ni ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ndani ya siku 7.

Hatua ya 8: Faili

Mchoro, sifa za fundi, karatasi za majaribio, tarehe za mipira na regyuleta, risiti za mitungi, majina ya waliofundishwa, tarehe za mazoezi ya moto, huduma ya vizima moto. Nakala moja afisini, nyingine nje ya jengo. Basi.

Ikikorofisha

*Moto wa manjano, sufuria zinashika masizi.* Matundu ya hewa ya kichomeo yameziba kwa mafuta au wadudu. Safisha. Usipanue tundu la gesi kwa sindano.

*Moto unaruka na kujitenga na kichomeo.* Presha imezidi. Pima kwa mpira wa U. Ikipita kiwango cha kibati, regyuleta imechoka. Angalia pia kitundu chake cha kupumulia: nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na kikiziba regyuleta haiwezi kurekebisha presha. Kitundu kielekee chini na kiwe na wavu.

*Barafu juu ya mtungi au regyuleta, moto unafifia.* Rudi hatua ya 1. Ongeza mitungi inayotoa kwa pamoja. Maji moto hapana.

*Mtungi umeisha lakini bado mzito.* Upime. Ukizidi uzito mtupu kwa kilo kadhaa, kuna mabaki mazito yasiyogeuka hewa. Mrudishie muuzaji na uandike; usimwage.

*Kengele ya gesi haijawahi kulia.* Huenda imefungwa darini. Ya gesi hii hukaa sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Usiijaribu kwa gesi ya kiberiti cha sigara, inaua kihisio. Tumia gesi ya majaribio ya mtengenezaji.

*Stima ikipotea, wapishi wanaumwa kichwa.* Feni ya kutoa moshi imezimika na majiko bado yanawaka. Hiyo ni sumu ya moshi, si uchovu. Zima majiko mpaka jenereta ishike, na fundi aunganishe feni na valvu ili moja ikizimika nyingine ifunge.

*Harufu husikika jioni tu.* Mchana upepo wa bahari unaipeperusha. Jioni upepo ukitulia, uvujaji mdogo hujikusanya. Usisubiri asubuhi: funga mitungi yote na ufuate hatua ya 7; harufu ikiisha ndipo ufungue tena na kufanya jaribio la hatua ya 4 usiku huo huo, na usianzie jikoni. Anzia kizimbani, kwa povu la sabuni kwenye nati za mitungi iliyobadilishwa wiki hiyo.